Njegere za Kopo, Mbaazi za Sufuria

Mfyuuu! Niacheni nisonye kwanza. Hili suala la unga wa protini ya mimea limekigawa kijiwe chetu kati, na kila anayeinuka kusema anawapoteza vijana kwa njia yake. Huku yuko baunsa wa ukumbi wa harusi, mtu wa miraba minne, anayewaambia kwamba anayekula kunde na maharage hajazi hata mkono, awe na nyama, mayai na kopo la unga wa maziwa. Kule yuko kijana anayeuza makopo kwa simu, naye siku hizi kaleta ya njegere na mchele, anaapa kwamba kifua kinatoka ndani ya wiki tatu. Katikati wamekaa watoto wa watu: mbeba mizigo wa sokoni, dereva wa bodaboda, mwanafunzi wa chuo. Hao ndio wanaokata pesa ya kula nyumbani ili wachangie kopo.

Naanza na baunsa, kwa heshima yake yote. "Kaka, misuli ni nyama," anasema, "na nyama inajengwa kwa nyama." Si kweli, kaka yangu. Tumbo haliipeleki nyama kwenye mkono ikiwa nyama. Protini yoyote ikishuka, ya ng'ombe au ya choroko, inavunjwavunjwa kuwa vipande vidogo viitwavyo asidi amino. Protini za mwili zimeundwa kwa aina 20 za vipande hivyo, na 9 kati yake mwili wa mtu mzima hauwezi kujitengenezea, lazima viletwe na chakula. Vikishaingia kwenye damu, kipande kama leusini, kikitoka kwenye maharage, ni kilekile cha steki. Hakuna msuli unaojua kipande chake kilitoka zizini au shambani.

Hata hivyo baunsa ana kipande cha ukweli mkononi, na tusimnyang'anye. Mimea mingi ina upungufu wa kipande kimoja au viwili. Mahindi yana laisini kidogo. Jamii ya kunde ina laisini tele, lakini methionini yake ni haba. Tena protini ya mmea mzima imefungwa ndani ya nyuzinyuzi, hivyo tumbo linaikosakosa kidogo kuliko ya yai au maziwa. Halafu kuna hiyo leusini. Leusini kwa misuli ni kama konda wa daladala: abiria wanaweza kujaa, lakini mpaka agonge bodi gari haliondoki. Kwa kijana, mlo wenye gramu 2 hadi 3 za leusini unatosha kuwasha kazi ya ujenzi. Gramu 25 za protini ya maziwa, ile inayoitwa wei, zinabeba karibu gramu 2.5. Gramu 25 za protini ya njegere zinabeba kama gramu 2. Mnaona pengo lilivyo dogo? Linazibwa kwa kuongeza kijiko. Mtu anayekula njegere achukue gramu 30 au 35 pale ambapo mwenzake wa maziwa anachukua 25, na mjadala umekwisha.

Sisemi kwa kubuni. Mwaka 2015 Wafaransa walichapisha kazi yao: wanaume 161, wa miaka 18 hadi 35, wiki 12 za vyuma. Kundi moja lilikunywa protini ya njegere, gramu 25 mara mbili kwa siku, la pili wei kwa kipimo hichohicho, la tatu kinywaji kisicho na protini. Unene wa msuli wa mkono ulipopimwa, wa njegere na wa wei hawakutofautiana, na wa njegere waliwazidi wale wa kinywaji kitupu. Najua baunsa atauliza nani alilipa. Alilipa mwenye kiwanda cha njegere, kampuni ya Roquette, na ni haki yenu kulijua hilo kabla hamjameza matokeo. Lakini sikilizeni ya Brazil. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha São Paulo waliwachukua vijana 19 wasiokula chochote cha mnyama na 19 wanaokula kila kitu. Wote walifikishwa gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku, hawa kwa kuongezewa soya, wale kwa kuongezewa wei, wakasukuma uzito kwa miguu mara mbili kwa wiki kwa wiki 12. Misuli ya mapaja ilikua pande zote mbili, nguvu ilipanda pande zote mbili, tofauti haikuonekana. Na mchele mnaoudharau? Mwaka 2013 Marekani walijaribu gramu 48 za protini ya mchele dhidi ya gramu 48 za wei, kwa vijana 24 waliokwisha kuzoea vyuma. Baada ya wiki 8, ngoma droo. Kipimo kilikuwa kikubwa, ndiyo, na siri yenyewe ndiyo hiyo: kinachopungua kwa ubora kinafidiwa kwa wingi.

Yupo Mmarekani Kendrick Farris, aliyeinua vyuma kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016 akiwa ameshaacha nyama, maziwa na mayai. Simleti kama ushahidi wa kila mtu, maana bingwa ni bingwa. Namleta ili ile kauli ya "haiwezekani" ikae chini.

Sasa nisonye tena, mara hii kwa nguvu. Mfyuuu! Nani aliwaambia vijana wetu kwamba soya inaua nguvu za kiume? Nimesikia mtu mzima anamkataza mwanawe uji wa soya mbele za watu. Ndani ya soya kuna kemikali za mmea ziitwazo isoflavoni, ambazo umbo lake linafanana kidogo na homoni ya kike, na hapo ndipo woga ulipozaliwa. Watafiti wakakusanya majaribio yaliyofanywa kwa wanaume, mwaka 2010 na tena mwaka 2021, wakayajumlisha. Soya na isoflavoni zake hazikushusha testosteroni. Basi. Mzazi anayemnyima mtoto wake chakula chenye protini gramu 36 katika kila gramu 100 za punje kavu, kwa sababu ya uvumi, anamwibia mwanawe, na inaniuma kusema hivyo kwa sababu wengi wanafanya kwa mapenzi.

Nimtazame muuza kopo. Kijana huyu si mwizi, anatafuta riziki, namwita mdogo wangu na ataendelea kuwa mdogo wangu. Lakini anachosema kuhusu wiki tatu ni changa la macho. Mwaka 2018 watafiti walijumlisha majaribio 49 yenye watu 1,863, wote wakifanya mazoezi ya nguvu, baadhi wakiongezewa protini na baadhi la. Waliokuwa wakinyanyua vyuma bila nyongeza walijenga misuli. Waliopata nyongeza walijenga zaidi, na hiyo zaidi, kwa wastani, ilikuwa gramu 300 hivi za mwili usio mafuta. Gramu 300, baada ya wiki kadhaa za jasho! Sikatai kwamba ni faida, ila tazameni ukubwa wake mkilinganisha na picha iliyobandikwa kwenye kopo. Uchambuzi huohuo ulionyesha kwamba mtu akishafika kama gramu 1.6 kwa kilo kwa siku, kuongeza protini hakumwongezei kitu cha maana.

Kinachojenga ni chuma. Nendeni mkaangalie jimu zetu za uani, zile za gia za lori na makopo ya rangi yaliyomwagiwa zege, bomba la maji likiwa ndilo shina. Watu wanajengeka pale, na wanajengeka kweli. Ila wengi wanakwama kwa sababu uzito ni uleule tangu walipoanza, idadi ni ileile, kifua Jumatatu, kifua Jumatano, kifua Ijumaa, miguu hawaijui. Msuli unakua unapobebeshwa karibu na mwisho wa uwezo wake, kisha ukaongezewa mzigo kidogokidogo kadiri unavyozoea, kisha ukapumzishwa. Kijana anayelala kwa saa nne tu kwa sababu ya simu halafu ananunua unga wa protini amelipia dirisha wakati nyumba haina ukuta.

Na ile hofu ya nusu saa! Namwona mbeba mizigo anakimbia kutoka jimu, kopo mkononi, eti dakika 30 zikipita misuli inaoza. Haiozi. Baada ya vyuma msuli unabaki na njaa ya protini kwa siku nzima na zaidi. Kula vizuri mchana, kula vizuri usiku, gawanya katika milo mitatu au minne, mwili utafanya hesabu yake.

Mtaniuliza, kwa hiyo unga hauna kazi? Unayo, na nitamtetea muuza kopo hapo. Njegere nzima imejaa wanga na nyuzinyuzi. Kiwandani inasagwa, wanga unatenganishwa, kinachobaki ni unga ambao asilimia 80 hivi ni protini. Kijiko kimoja cha gramu 30 kinakupa gramu 24 bila kujaza tumbo. Ukitaka kiasi hicho kwenye maharage yaliyoiva, kula zaidi ya robo kilo. Kwa dereva anayeamka alfajiri na kula barabarani, kwa mtu ambaye maziwa yanamsokota tumbo, kwa mzee ambaye meno na hamu ya kula vimepungua na misuli inamwishia mapajani, unga ule ni msaada wa kweli. Mwenye pesa ya ziada anunue. Ninachokataa ni pesa ya maharage kugeuka pesa ya kopo.

Hesabu hiyo tuifanye hapahapa, kila mtu asikie. Kijana wa kilo 65, kwa gramu 1.6, anahitaji gramu 104 za protini kwa siku. Asubuhi uji wenye gramu 60 za unga wa soya uliotayarishwa vizuri, hapo kuna kama 20. Ugali wa dona, unga gramu 300 kwa milo miwili, 24 au 25. Maharage yaliyoiva nusu kilo, nusu mchana na nusu usiku, 43. Karanga gramu 60 za kutafuna kijiweni wakati mnabishana mpira, 15. Mmefika zaidi ya 100 na hakuna aliyegusa dagaa wala yai. Akiwa na dagaa, ndiyo kabisa, mimi sikatazi mtu dagaa. Kilo moja ya maharage makavu ina protini ya gramu 210 hivi, kilo ya soya 360. Gawanyeni wenyewe kwa 24 mwone ni vijiko vingapi vya kopo, kisha muulize bei ya kilo gengeni.

Ndiyo maana nawaheshimu waliotuachia makande. Mahindi yanakosa laisini, maharage yanayo. Maharage yanakosa methionini, mahindi yanayo ya kutosha. Wapare hawakusubiri maabara kuvitia chungu kimoja. Wala havihitaji kukutana kwenye sahani moja, vikikutana ndani ya siku vinatosha. Wanaolalamikia gesi waloweke maharage usiku, wamwage maji hayo, wachemshe kwa maji mapya.

Hapa pana jambo ambalo sitalipita haraka, maana nimeona vijana wakichukua soya mbichi, wanaipeleka mashineni, wanakoroga unga wake kwenye maji baridi na kunywa baada ya tizi. Msifanye hivyo, nawaomba. Soya mbichi ina vizuizi vinavyokifunga kimeng'enya cha tumbo kinachovunja protini. Unakunywa protini na kizuizi chake kwa pamoja, nusu ya pesa inaishia chooni na tumbo linavuruga. Moto ndio unaovunja vizuizi hivyo. Chagua soya, osha, chemsha, toa maganda, anika ikauke barabara, kaanga, ndipo usage. Maharage mekundu mabichi yana sumu yao, na yanataka mchemko wa nguvu, si moto wa kuvugavuga. Na mwenye mashine anayesaga soya mbichi na mahindi na karanga pamoja akaiita lishe, awaambie wateja wake wazi kwamba ni mbichi. Karanga zenyewe zikaguliwe moja moja. Iliyosinyaa, iliyoota ukungu, iliyo chungu, tupa. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara kupitia chakula cha kawaida cha nyumbani, kwa hiyo asije mtu akasema cha shambani hakina hatari.

Cha kopo nacho kina zake. Mmea unavuta kilichomo ardhini, na udongo wenye risasi au kadimi unampa mmea risasi na kadimi. Mpunga una tabia ya kuvuta aseniki. Ukichukua mlima wa njegere ukaufinya kuwa unga kidogo, unaweza kuwa umefinya na hayo. Oktoba 2025 jarida la Marekani la Consumer Reports lilipima bidhaa 23 za protini. Zaidi ya theluthi mbili zilikuwa na risasi, katika kipimo kimoja tu cha kunywa, kuzidi kiwango ambacho wataalamu wake wanakihesabu kuwa salama kwa siku nzima, na za mimea kwa wastani zilikuwa na risasi mara tisa ya zile za maziwa. Kiwango chao ni kikali, nakubali. Bado ni sababu tosha ya kutokunywa vijiko vitatu kila siku mwaka mzima.

Halafu kuna ujanja wa vipimo. Protini ya kwenye unga hupimwa kwa kupima nitrojeni, kwa njia aliyoibuni Mdenmaki Johan Kjeldahl mwaka 1883. Asiye mwaminifu anatia asidi amino ya bei rahisi kama glisini, nitrojeni inapanda, karatasi inasoma protini nyingi, msuli haupati kitu. Kashfa ya maziwa ya China ya mwaka 2008 ilipita njia hiyohiyo, ila wao walitia melamini, na watoto wachanga wakafa. Kwa hiyo mdogo wangu, kabla hujamuuzia mtu kopo lililofunguliwa na kupimwa upya kwenye mfuko wa nailoni, lisilo na nembo ya TBS, lisilo na jina la aliyelitengeneza, fikiria kwamba unamuuzia mbuzi kwenye gunia, na gunia hilo linaingia mwilini mwake.

Na lile la vidonge lazima lisemwe kijiweni, kwa sababu nyumbani halisemwi. Wapo wanaopewa deksamethasoni ya kumeza, kwa jina la dawa ya kujaza. Uso unavimba, mashavu yanatanda, wanajiona wamejaa. Ni maji na mafuta. Dawa hiyo ni ya magonjwa, na ikitumika ovyo inaumomonyoa msuli, inapandisha sukari na kushusha kinga. Kijana ananyanyua chuma jioni na kumeza kinachobomoa usiku. Aliyekwisha kuitumia muda mrefu asiiache ghafla peke yake, aende hospitali aseme ukweli, ataachishwa taratibu. Mwenye ugonjwa wa figo naye asiongeze protini, ya kopo wala ya sufuria, bila kumuuliza daktari wake.

Kinachoniuma zaidi nimekiweka hapa mwishoni. Agosti 2017 India iliweka ukomo wa mbaazi zinazoingia nchini mwake. Wakulima wa Lindi, Mtwara na Manyara, waliolima kwa kutegemea soko hilo, wakaona bei ikianguka mpaka wengine wakaziacha shambani. Mbaazi! Kitu ambacho watu wa Pwani tunakipika kwa nazi na kukila na maandazi asubuhi, chenye protini gramu 21 hivi katika gramu 100 za punje kavu, karibu sawa na njegere za njano zinazotengenezewa makopo. Miaka minne baadaye, mwaka 2021, Roquette hao hao walifungua kiwanda kikubwa cha protini ya njegere Portage la Prairie, nchini Kanada. Kijana wa Temeke anachanga pesa anunue njegere za mkulima wa Kanada, huku mbaazi za mjomba wake Nachingwea zinaliwa na fukusi ghalani.

Mfyuuu! Nasonya kwa uchungu. Kutenganisha protini na wanga hakuhitaji miujiza. Punje inakobolewa, inasagwa, unga unakorogwa kwenye maji yenye alkali kidogo, protini inayeyuka na wanga unatuama. Maji ya juu yanatiwa asidi mpaka protini igande, inachujwa, inaoshwa, inakaushwa. Tunao wasomi wa chakula pale SUA Morogoro, tunayo SIDO iliyoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, tunao vijana wa mashine ambao wanachonga gia za lori ziwe vyuma vya jimu. Hata kabla ya kiwanda, unga wa mbaazi zilizochemshwa na kukaushwa, ukaandikwa kwa kweli una gramu ngapi na ukapimwa sumukuvu na risasi, ungeuzika kwenye kila jimu ya uani kwa bei ya mbeba mizigo. Muuza kopo wangu, mteja unaye, simu unayo, usafiri wa kwenda Nachingwea upo kila asubuhi. Panda basi ukaongee na mjomba.